Kuunganisha polima inayoitikia joto na protini: hatua kwa hatua, na jinsi ya kuthibitisha kwamba zimeungana kweli

Toa kichupa cha myeyusho wa PNIPAM kwenye barafu, kifumbate kiganjani, kisha tazama. Mwanzoni ni maji angavu tu. Baada ya muda, pale kioo kinapogusana na ngozi, panatokea ukungu mwembamba unaopanda polepole, na punde kichupa kizima kimekuwa cheupe kama maziwa. Kirudishe kwenye barafu, na ule weupe unatoweka wote.

Polima hiyo ni poli(N-isopropilakrilamidi). Ndani ya maji matupu hubadilika karibu na nyuzi 32 za Selsiasi, tabia ambayo Heskins na Guillet waliieleza mwaka 1968. Chini ya hapo mnyororo wake umejinyoosha huku umezungukwa na molekuli za maji. Joto likizidi, maji hujitenga nao, mnyororo unajikunja kuwa donge, na madonge yanashikamana. Ukiufunga mnyororo huo kwenye protini, protini nayo inairithi tabia hiyo: kwa joto unaitoa kwenye myeyusho, kwa baridi unairudisha.

Mwongozo huu unaunganisha mnyororo wa PNIPAM na albumini ya seramu ya ng'ombe, BSA. Nimeichagua kwa sababu ni protini rahisi kupata, inavumilia makosa ya anayejifunza, na ina sisteini (asidi ya amino yenye salfa) moja tu iliyo huru, hivyo unaweza kuhesabu. Kuhesabu ndiko kutakakokuokoa. Wengi huchanganya polima na protini, hupasha joto, huona weupe, hukusanya mashapo, hukuta protini ndani yake na kutangaza kwamba wamefaulu. Weupe hauthibitishi chochote. Polima huru inapoporomoka hunasa chochote kilicho karibu nayo, protini ikiwemo, hata kama hakuna kifungo hata kimoja cha kovalenti, yaani kifungo halisi cha kikemia. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini imepangwa ili mwishoni uweze kutofautisha kilichofungwa na kilichonaswa.

Kwanza, amua pa kufunga

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni laisini, asidi za amino zilizotapakaa juu ya protini nyingi. Ni rahisi, lakini huna udhibiti wa mahali: molekuli moja itabeba minyororo mitatu, jirani yake haitabeba hata mmoja, na wakati mwingine mnyororo utakaa mlangoni pa kazi ya protini. Ya pili ni sisteini yenye thioli huru, yaani kundi la salfa na hidrojeni lisilofungwa. Hizi ni chache, na kwa sababu hiyo unajua ulipofunga.

Nguvu ya njia ya pili ilionekana wazi mwaka 1995, pale Stayton, Hoffman na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington walipobadilisha asparajini, asidi ya amino namba 49 ya protini streptavidini, kuwa sisteini, wakafunga PNIPAM pale pale karibu na tundu linalopokea vitamini biotini. Kwenye baridi biotini iliingia. Joto lilipopanda, polima iliyojikunja iliziba njia. Mahali penyewe pa kufunga ndipo palipozaa swichi. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua sisteini.

Hatua ya 1: Polima

Unahitaji PNIPAM yenye maleimidi, kundi linaloshika thioli, kwenye ncha moja tu. Ikiwa na maleimidi ncha zote mbili itazifunga protini mbili pamoja. Masi ya molekuli ya takriban 20,000 inafaa kuanzia: ni kubwa kiasi cha kuibeba protini, lakini si kubwa mno kiasi cha ncha kupotea ndani ya mnyororo. Tafuta polima yenye minyororo ya urefu unaokaribiana, la sivyo kipimo cha jeli huko mbele kitakuwa moshi mtupu.

Kama polima ilitengenezwa kwa mbinu ya RAFT (njia ya kukuza minyororo kwa udhibiti) na bado ina rangi ya manjano, jua kwamba kundi la trithiokaboneti limebaki. Kundi hilo hufyonza mwanga karibu na nanomita 310 na mkia wake unafika 280, pale unapotaka kupimia protini. Liandike hilo daftarini mapema.

Maleimidi huharibika ikikaa kwenye unyevu. Kabla ya kutumia polima ya zamani, ipime: changanya kiasi kinachojulikana cha polima na kiasi kinachojulikana cha sisteini, subiri saa moja, kisha pima thioli iliyobaki. Thioli iliyopungua inakwambia ni maleimidi ngapi bado ziko hai. Inachukua asubuhi moja, na inakuepusha na wiki ya kutafuta kosa lisilokuwepo kwenye protini.

Kuyeyusha kunahitaji subira. Nyunyiza unga kidogo kidogo juu ya bafa (myeyusho unaoshikilia pH) baridi, kichupa kikiwa kwenye barafu, uache uvimbe na kuyeyuka wenyewe, hata usiku kucha kwenye nyuzi 4. Mazoea ya kupasha joto ili kitu kiyeyuke haraka hayafai hapa. Ukipasha, unga unageuka gundi nyeupe inayong'ang'ania kioo.

Neno moja la usalama: polima iliyosafishwa haina shida kubwa, lakini ukiitengeneza mwenyewe, monoma yake ni ya jamii ya akrilamidi na ni sumu. Vaa glavu, na upimie unga ndani ya kabati la kutolea hewa.

Hatua ya 2: Protini na hesabu yake

Tengeneza bafa ya fosfeti ya sodiamu milimola 100, pH 7.0, yenye EDTA milimola 2. EDTA inazishika metali zinazoharakisha thioli kuoksidika. Hiyo pH ndiyo inayofaa: juu ya 7.5 maleimidi huanza kushambulia laisini pia na yenyewe huvunjwa na maji kwa kasi. Chini ya 6.5 mmenyuko unazorota.

Yeyusha BSA miligramu 50 kwenye mililita 10 za bafa hiyo. Gawa hivi: mililita 1 ya kupima thioli, 4 za mmenyuko wenyewe, 4 za kulinganishia, na 1 ya akiba.

Sasa hesabu. BSA ina masi ya takriban 66,500, kwa hiyo miligramu 5 kwa mililita ni kama mikromola 75. Kwenye karatasi kila molekuli ina thioli moja huru, ile ya sisteini namba 34. Katika unga halisi, sehemu kubwa ya thioli hizo imekwisha kuoksidika au kufunikwa, na kwa kawaida unabaki na karibu nusu. Usibahatishe, tumia kitendanishi cha Ellman, DTNB. Changanya mililita 0.5 ya protini na mililita 0.5 ya DTNB katika bafa ya pH 8, subiri nusu saa kwa sababu sisteini hii imejificha kidogo na huitika polepole, kisha soma ufyonzaji kwenye nanomita 412 na utoe ule wa bafa yenye DTNB pekee.

Tuseme umepata 0.27. Gawanya kwa 14,150, kigezo cha ufyonzaji cha rangi inayotokea, na unapata mikromola 19 za thioli. Protini yako kwenye kile kichupa sasa imezimuliwa nusu, yaani mikromola 37.6. Basi una thioli 0.5 kwa kila molekuli ya BSA.

Namba hiyo iandike kwa herufi kubwa. Katika zile mililita 4 za mmenyuko una miligramu 20 za BSA, na kati ya hizo ni miligramu 10 tu zinazoweza kushika polima kupitia thioli. Hiyo ndiyo dari yako. Ukija kukuta miligramu 14 za BSA kwenye mashapo, usifurahie: zaidi ya dari kuna protini iliyonaswa, au iliyofungwa kwenye laisini bila wewe kukusudia.

Huenda ukatamani kuongeza kikali cha kupunguza, kinachovunja vifungo vya salfa kwa salfa, ili thioli ziongezeke. Kwa BSA mimi siongezi. Ina vifungo 17 vya salfa kwa salfa vinavyoishikilia isifumuke, na ukivunja hata kimoja, hesabu yote imevurugika. Kwa protini nyingine ambayo sisteini zake zimefungana mbili mbili, TCEP (kikali cha aina hiyo) inasaidia, ila iondoe kwanza kwa kolamu ya kuondolea chumvi, maana nayo humenyuka na maleimidi.

Hatua ya 3: Mmenyuko, na pacha wake

Miligramu 20 za BSA ni mikromoli 0.30, na thioli zako ni nusu ya hiyo, yaani mikromoli 0.15. Weka polima mara kumi ya hiyo: mikromoli 1.5, ambayo kwa masi ya 20,000 ni miligramu 30. Iyeyushe kwenye mililita 1 ya bafa baridi, kisha uidondoshe ndani ya protini huku ukikoroga taratibu, vyote vikiwa kwenye barafu. Ziada ya mara kumi ni kubwa, lakini minyororo miwili mirefu huhangaika sana kukutana ncha kwa ncha.

Acha kwenye nyuzi 4 kwa saa 16, ikizungushwa polepole. Usiruhusu mapovu, protini hufumuka kwenye ngozi ya povu.

Siku hiyo hiyo, kwa vifaa vile vile, tengeneza pacha wake. Chukua zile mililita 4 za kulinganishia, zizibe thioli zake kwa N-ethilimaleimidi mara kumi kwa saa moja, pitisha kwenye kolamu ya kuondolea chumvi, kisha weka polima ile ile kwa kiasi kile kile. Sasa una vichupa viwili vyenye protini ile ile na polima ile ile kwenye bafa ile ile. Tofauti ni moja tu: kimoja kina mahali pa kufunga, kingine hakina. Chochote pacha huyu atakachokuonyesha kwenye mashapo ni kunaswa. Ukilazimika kuruka hatua moja katika mwongozo huu kwa kukosa muda, isiwe hii.

Asubuhi, ongeza sisteini kufikia milimola 1 kwenye vichupa vyote viwili na subiri nusu saa kwenye baridi. Inaua maleimidi zilizobaki. Usipofanya hivyo, utakapopasha joto polima na protini zitasongamana pamoja, na maleimidi zilizo hai zitapata nafasi ya kung'ata laisini.

Hatua ya 4: Kutenganisha kwa joto

Hapa ndipo polima inapolipa fadhila. BSA isiyofungwa inabaki kwenye maji, iliyofungwa inashuka na polima. BSA haifumuki hadi joto lipite nyuzi 60, kwa hiyo nyuzi 40 haziisumbui. Kama unatumia protini nyingine, hakikisha kwanza inavumilia.

Ongeza chumvi ya kawaida, NaCl, kufikia mola 0.5. Chumvi huwania maji na polima na kushusha joto la mabadiliko kwa nyuzi kadhaa, na hiyo inasaidia kwa sababu protini iliyofungwa ina tabia ya kulipandisha. Weka vichupa kwenye bafu la maji la nyuzi 40 kwa dakika 15. Vyote viwili vitakuwa vyeupe, pacha pia. Usishtuke, ndicho nilichokuwa nakisema.

Zungusha kwenye sentrifuji mara 10,000 ya mvutano wa dunia kwa dakika 10, mashine ikiwa nyuzi 40. Rota iwe imekwisha kupata moto kabla. Mimi niliwahi kupoteza kazi ya siku tatu kwa sababu skrini ya mashine ilisomeka 40 huku rota ikiwa imetoka chumba cha baridi muda mfupi tu. Chuma kile kizito kilinyonya joto lote la vichupa. Niliviingiza vyeupe, nikavitoa vikiwa angavu, bila chembe ya mashapo. Tangu siku hiyo rota naiweka ndani ya mashine yenye joto saa nzima kabla, naizungusha tupu, na naigusa kwa mkono kabla ya kuiamini. Hata ncha za pipeti naziacha kwenye kabati la joto.

Nyonya maji ya juu haraka, uyaweke kwenye kichupa chenye lebo. Usiyamwage kamwe. Juu ya mashapo weka mililita 1 ya bafa ya barafu na uache kwa nusu saa. Yatalainika, yatakuwa kama jeli, kisha yatayeyuka. Ongeza bafa kufikia mililita 4, weka chumvi tena, pasha, zungusha. Rudia mara tatu.

Pima protini katika kila maji ya juu kwa mbinu ya Bradford, inayotumia rangi inayoshika protini. Nafuata Bradford kwa sababu polima ya manjano inachafua kipimo cha nanomita 280, na thioli zinazobaki huidanganya mbinu ya BCA, kipimo kingine cha protini. Kwenye pacha, baada ya raundi ya tatu protini inapaswa kuwa karibu yote imetoka na maji. Kwenye mmenyuko, itoke ile nusu isiyokuwa na thioli, na iliyobaki ing'ang'anie mashapo hata uoshe mara ya nne. Pacha akigoma kuachia, punguza protini na polima kwa kuzimua mara tano kabla ya kupasha joto, kwani msongamano ndio unaonasa.

Hatua ya 5: Kuondoa polima huru

Mashapo yako sasa yana protini iliyofungwa pamoja na rundo la polima isiyobeba kitu. Dayalisisi ya kawaida (kuchuja kwa utando) haitakusaidia, mnyororo wa 20,000 hautapita kwenye utando mwingi unaotumiwa kwa protini. Tumia chaji. PNIPAM haina chaji. BSA kwenye pH 8 ina chaji hasi nyingi.

Kwanza ondoa chumvi kwa dayalisisi dhidi ya bafa ya Tris milimola 20, pH 8, kwenye nyuzi 4. Kisha pitisha kwenye kolamu ya resini yenye chaji chanya, aina ya Q au DEAE, ndani ya chumba baridi. Protini inashika, polima huru inapita. Utajuaje imeisha kupita? Chukua matone machache ya kinachotoka, ongeza chembe za chumvi, shika neli kwenye maji ya moto. Ikiwa nyeupe, endelea kuosha. Ikibaki angavu, anza kuitoa protini kwa NaCl mola 0.5. Hakuna kifaa cha bei kinachoshinda jaribio hilo la matone.

Je, ungeweza kuanza na kolamu kabla ya kupasha joto? Inawezekana, lakini mimi nauona mpangilio huu ni bora. Protini kubwa yenye mnyororo mmoja tu wakati mwingine hugoma kushuka yenyewe. Polima huru ndiyo inayoisindikiza chini. Ukiitoa mapema umemfukuza msaidizi.

Hatua ya 6: Ushahidi

Endesha jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa, yenye safu hizi: BSA tupu, pacha, mmenyuko mbichi, maji ya juu, na kilichosafishwa. Rangi ya Coomassie hupaka protini tu, polima huru haionekani. Unatafuta mstari wa BSA unaopungua na doa jipya juu yake. Doa litakuwa limetanuka, na mahali lilipo pasikufanye usome masi kutoka kwenye ngazi ya vipimo, maana polima haisafiri kwenye jeli kama protini. Endesha jeli ya pili ukiwa umeongeza kikali cha kupunguza: BSA hupenda kuungana mbili mbili kwa salfa, na jozi hizo hufanana na ufanisi. Kikali kinazivunja, kifungo cha thioli na maleimidi kinabaki.

Halafu mchoro wa ukungu, unaoonyesha weupe ukiongezeka kadiri joto linavyopanda. Miligramu 1 kwa mililita, nanomita 500, ukipandisha nusu nyuzi kwa dakika kutoka 20 hadi 45. Pima kilichosafishwa, polima peke yake, na pacha. Mara nyingi kilichofungwa hugeuka kwenye joto la juu kidogo kuliko polima tupu, na weupe wake ni hafifu, kwa kuwa protini iliyo nje inazuia madonge yasikue. Ukipata mchoro uliolala moja kwa moja juu ya ule wa polima tupu, rudi hatua ya 5. Bado kuna polima huru.

Ukilazimika kutumia laisini

Mfano mzuri ni lisozaimu, kimeng'enya kinachovunja ganda la bakteria: masi yake ni takriban 14,300, ina laisini sita pamoja na amini ya mwanzo wa mnyororo. Tumia polima yenye esta ya NHS, kundi linaloshika amini kama za laisini, pH 8. Bafa isiwe Tris wala glisini, kwa kuwa zina amini zitakazokula esta yako yote. Fanya haraka: kwenye pH 7 na nyuzi 0, nusu ya esta huishi saa 4 hadi 5, lakini kwenye pH 8.6 na nyuzi 4 ni kama dakika 10. Kwenye kolamu geuza resini, kwani lisozaimu ina chaji chanya.

Kuna mtego katika kupima kazi yake. Kipimo kilichozoeleka hutumia seli za bakteria wa Micrococcus, ambazo ni kubwa mno zikilinganishwa na kimeng'enya. Minyororo ya polima huizuia lisozaimu kulifikia ganda la seli, na namba inaporomoka. Kabla ya kusema kimeng'enya kimekufa, kipime kwa kiini (kitu kinachovunjwa na kimeng'enya) kidogo kinachoweza kupenya kati ya minyororo. Mara nyingi utakuta kiko hai.

Kuhifadhi

Kilichosafishwa kiweke kwenye bafa isiyo na chumvi nyingi, kwenye nyuzi 4 kwa matumizi ya siku chache, au kigandishe kwa mafungu madogo. Unapokitoa, kiyeyushe juu ya barafu, si kiganjani wala kwenye bafu la maji. Na kabla ya kukiingiza kwenye jaribio jipya, pima tena joto la ukungu ndani ya bafa ile ile utakayotumia, kwa sababu chumvi za bafa hiyo zitakuwa zimelisogeza.